Tusitafute Mchawi, Tutafute Faili

Wanachuo wenzangu, ukurasa huu wa maoni tumezoea kuutumia kuwasema wengine: uongozi, kantini, maji ya hosteli. Leo naomba nijiseme mwenyewe. Muhula uliopita mimi na wenzangu watatu tulikaribia kumharibia mwenzetu mwaka wa mwisho kwa kosa ambalo hakulifanya. Ushahidi kwamba hakulifanya ulikuwepo muda wote ndani ya kompyuta, kwenye mstari mmoja mfupi. Hatukuutafuta. Tulimtafuta mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Kundi letu la mradi lilikuwa na watu watano. Mradi ulihusu bei ya maji ya madumu kwenye mitaa inayozunguka chuo: nani anauza, dumu la lita 20 ni shilingi ngapi, familia inatumia madumu mangapi kwa siku. Tulipita nyumba kwa nyumba na madodoso ya karatasi, tukapata kaya 240, tukaingiza majibu yote kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Hifadhidata ilikaa kwenye seva ndogo tuliyoikodi kwa kuchangishana. Hela ilitoka kwenye boom, kwa hiyo mnajua uchungu wake.

Wanne kati yetu tulikuwa na laptopu. Mmoja, dada ambaye hapa nitamwita mwenzetu tu, hakuwa nayo. Ya kwake ilikufa mwaka wa pili na pesa ya kununua nyingine haikupatikana. Ili naye awe na pa kufanyia kazi, tulinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 2, tukaiweka kwenye geto la mmoja wetu nje ya chuo. Mimi ndiye niliyeiwekea Ubuntu, ile ya seva isiyo na madirisha wala picha, skrini nyeusi na maandishi tu, maana mashine ilikuwa nzito kama trekta. Nikamfungulia kila mtu akaunti yake. Nikaweka na PostgreSQL ya humo humo ndani, yenye jina lile lile la hifadhidata na jina lile lile la mtumiaji kama kule kwenye seva, ili majaribio yafanyike pale bila kugusa data za kweli.

Alhamisi moja usiku, zikiwa zimebaki siku 11 tuwasilishe, nikafungua hifadhidata ya seva nichore grafu za ripoti. Jedwali la majibu lilikuwa na mistari mitano. Mitano! Na majina yenyewe yalikuwa Mtu wa Jaribio 1 mpaka Mtu wa Jaribio 5.

Kila mtu kwenye kundi aliijua ile mistari. Ilitoka kwenye skripti ya majaribio ya mwenzetu. Skripti ile inaanza kwa kufuta jedwali, inaliunda upya, inaingiza watu watano wa uongo, halafu inapima kama programu yetu inajumlisha sawasawa. Kufuta jedwali la majaribio si kosa, ndiyo kazi yake. Balaa ni kufuta la kweli. Na nakala ya akiba? Kila mmoja alidhani mwenzake anayo.

Usiku ule grupu la WhatsApp liliwaka moto. Mwenzetu aliandika kwamba aliendesha skripti kwenye ile kompyuta ya geto kama alivyofanya mara nyingi, na seva hakuigusa. Hakuna aliyemwamini. Mmoja akaandika kwamba amefanya makusudi. Mwingine akaandika kwamba mtu asiye na laptopu yake mwenyewe atajulia wapi mambo ya seva. Nami sikumtetea. Ijumaa asubuhi tuliandika barua kwa msimamizi wetu tukiomba atolewe kwenye kundi. Kwa mwaka wa mwisho mnajua maana yake: huna kundi, huna mradi, huna mradi, unarudia mwaka. Barua niliiandika mimi, kwa sababu ndiye ninayesifiwa Kiswahili kizuri.

Msimamizi akaisoma mbele yetu, wote watano. Hakugomba. Akauliza: "Skripti yake ina anwani ya seva ndani?"

"Hapana, Dokta."

"Aliiandika kwenye amri alipoiendesha?"

Mwenzetu akasema hapana. Sisi tukanyamaza.

"Sasa programu iliijuaje? Mkinijibu hilo, barua yenu nitaisoma tena."

Swali lile ndilo sababu ya makala hii. Programu iliijuaje? Ni swali la watu watano na kompyuta moja, lakini naamini ndilo swali ambalo elimu yetu ya chuo inalikwepa. Tunafundishwa kuandika programu. Tunafundishwa kurekebisha kosa likitokea. Kufuata jambo mpaka lilikotoka hatufundishwi, na tusipojua kufuata jambo tunaangukia kwenye kile tunachokijua tangu utotoni: tunatafuta mchawi.

Ngoja nieleze kidogo kwa ajili ya wasomaji wa sheria, ualimu na uuguzi, maana hili linawahusu pia. Kwenye Linux, macOS na ukoo mzima wa Unix, kila programu inapoanza hukabidhiwa fungu la majina na thamani zake. Kila kimoja kina umbo la JINA=thamani. Hivi ndivyo vigeu vya mazingira. Programu haikuviandika yenyewe, imevikuta. Lugha ya kutumia, mahali pa kutafuta amri, jina la mtumiaji, anwani ya mtandao, vyote vinaweza kukaa humo. Utaratibu huu ulikuja na toleo la 7 la Unix kutoka Bell Labs mwaka 1979, na kiini chake ni kile kile mpaka leo: programu moja inapoanzisha nyingine, ile ya pili inapewa nakala ya mazingira ya ile ya kwanza. Mtoto anarithi kwa mzazi. Mtoto akibadilisha vya kwake, mzazi haoni wala hashtuki.

Sasa, programu zinazoongea na PostgreSQL zina tabia moja. Ukiziita bila kuziambia seva iko wapi, hutazama kigeu kinachoitwa PGHOST. Kisipokuwepo, zinabaki humo humo ndani ya mashine. Kikiwepo, zinakwenda kilikoelekeza, kimya kimya, bila kukuuliza chochote. Na kwa kuwa maneno ya siri tulikuwa tumeshayahifadhi kwenye akaunti zetu ili tusisumbuke, mlango ulikuwa wazi.

Jumamosi tulikwenda geto. Mwenzetu akakaa mwenyewe mbele ya kibodi, akaingia kwa akaunti yake. "Kaka, wewe niambie unachotaka kuona, mimi nitaandika," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia sana. Amri ya kwanza ilikuwa hii:

printenv PGHOST

Ikatoka anwani ya seva yetu. Pale pale mmoja wetu akasema: "Si unaona! Ameiweka mwenyewe." Hapa ndipo wengi wetu tungesimama. Tumepata kitu, tumepata mwenye akaunti, kesi imekwisha. Lakini kuona thamani ya kigeu na kujua nani amekiweka ni mambo mawili tofauti. Amri ile inakuambia kilichopo. Kilikotoka haikuambii.

Kwa hiyo tukaanza na mafaili yake mwenyewe. Sheli ya bash (si ile sheli ya mafuta, ni ile programu inayopokea amri zako) ina mafaili inayoyasoma inapoamka. Ukiingia upya kwenye mashine, inasoma /etc/profile, ambalo kwa kawaida huvuta na yale yaliyomo kwenye folda ya /etc/profile.d. Kisha inatafuta nyumbani kwako .bash_profile, .bash_login na .profile kwa mpangilio huo, na inasoma lile la kwanza inalolikuta, mengine inayaacha. Ukifungua sheli nyingine baada ya hapo bila kuingia upya, inasoma .bashrc. Ndiyo maana mtu anaweka kitu kwenye faili moja, kinafanya kazi hapa, kule hakifanyi, anadhani mashine ina mapepo. Tukaandika:

grep -n PGHOST ~/.bashrc ~/.profile

Kimya. Hakuna kitu. Yule aliyesema "si unaona" akasema labda amelifuta jana. Sawa, tukaiacha sheli ijieleze yenyewe. Ipo njia ya kuiambia bash isome mafaili yake yote ya kuamkia huku ikitaja kila mstari unaotekelezwa, jina la faili na namba ya mstari:

PS4='+$BASH_SOURCE:$LINENO: ' bash -lixc exit 2>&1 | grep PGHOST

Ukikutana na kigeu usichokijua, jaribu hii. Mara nyingi itakuonyesha mhusika kwa dakika moja: faili fulani, mstari fulani. Kwetu sisi ilitoka kimya tena. Maana yake nini? Hakuna faili lolote la kuamkia la bash lililokigusa kile kigeu, si la kwake wala la mashine nzima. Hii bash haikukiweka.

Basi nani? Linux inaweka kumbukumbu ya mazingira ambayo kila programu ilianza nayo, yaani jinsi yalivyokuwa wakati ule inaanzishwa. Ipo kwenye folda ya /proc, chini ya namba ya programu yenyewe. Tukasoma ya sheli ya mwenzetu:

tr '\0' '\n' < /proc/$$/environ | grep PGHOST

PGHOST ikatokea. Kumbe sheli ilizaliwa nayo. Kabla haijasoma faili hata moja, tayari ilikuwa imeshakabidhiwa. Tukapanda kwa mzazi wake, ile programu iitwayo login inayokuuliza neno la siri kwenye skrini nyeusi:

sudo cat /proc/$PPID/environ | tr '\0' '\n' | grep PGHOST

Kimya. Hapo nikahisi jasho. Mzazi alianza bila hicho kigeu, mtoto akazaliwa nacho. Kwa hiyo kiliingia katikati: baada ya login kuanza, kabla ya sheli kuzaliwa. Na katikati pale kuna mfumo wa kuthibitisha watumiaji unaoitwa PAM, ambao kwenye Ubuntu husoma faili moja linalomhusu kila anayeingia kwenye mashine, yeyote yule. Tukamalizia:

sudo grep -rn PGHOST /etc

Jibu: /etc/environment, mstari wa 2.

Faili lile haliandikwi bila sudo. Wa kwanza wa kuulizwa alikuwa aliyeiwekea mashine Ubuntu. Nikaingia kwa akaunti yangu, nikatafuta kwenye historia ya amri zangu. Ilikuwepo: sudo nano /etc/environment. Tarehe ya faili ilikuwa ya wiki ambayo mwenzetu alikuwa kwao msibani. Nikakumbuka. Nilikuwa naandaa ripoti kwenye ile mashine, nikachoka kuandika anwani ya seva kila mara, nikapata desa la amri kwa mtu wa mwaka wa juu, nikabandika, ikafanya kazi, nikasahau. Sikumwambia mtu. Mwenzetu akarudi kutoka msibani, akafanya kazi yake kama alivyozoea, na mimi nikamwandikia barua ya kumfukuza.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisahau kuongeza kwamba mara nyingine mwenye nguo ndiye unayeongoza maandamano ya kumtafuta mwizi.

Sasa nije kwenye maoni yangu, maana sikuandika haya ili mnihurumie.

Naona tuna ugonjwa chuoni. Jambo likiharibika, tunauliza "nani?" kabla ya "kutoka wapi?" Na tukijibu "nani", tunamchagua mnyonge: asiye na laptopu, asiye na sauti, asiyekuwepo siku ile. Ukilitazama lile swali la msimamizi utaona halimlindi mtu kwa huruma. Linadai ushahidi. Kama ni kweli mwenzetu aliielekeza programu kwenye seva, njia ile ile ya kufuatilia ingemkamata yeye, faili lake, mstari wake. Kufuata chanzo hakumpendelei mtu yeyote.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wa kompyuta, wengine hayawahusu. Lakini nani leo hana kigeu alichowekewa na mtu mwingine? Chukua mfano ambao nimeuona mara nyingi. Mwanafunzi yuko kwenye mtandao wenye seva ya kati ya kupitishia intaneti, anaambiwa abandike https_proxy kwenye .bashrc ili apate kupakua vitu. Anakwenda kwao likizo, anaunga bando la simu, kivinjari kinafungua kila kitu lakini curl, pip na git zinagoma. Anaifuta Python na kuiweka upya. Anaifuta Ubuntu yote na kuiweka upya. Bando la wiki linakwisha, na kigeu kimoja cha chuoni ndicho kilichokuwa kinamrudisha kwenye mlango ambao kwao haupo. Kama angeandika env na kusoma kwa utulivu, angekiona.

Wengine watasema muda hakuna. Jambo linakwama saa sita usiku, kesho asubuhi ni kuwasilisha, unabandika chochote kinachozima kosa unasonga mbele. Hii hoja siidharau, nami nimeishi hivyo. Usiku wa dharura unaweza kuandika

env -u PGHOST

ukifuatisha na amri yako, na programu hiyo moja itaanza bila kigeu hicho. Fanya hivyo, ulale. Ninachopinga ni kuifanya dawa ya usiku kuwa tiba. Kama mwenzetu angegundua tatizo mapema na kuandika unset PGHOST kwenye .bashrc yake, yeye angepona, na mtego ungebaki pale pale ukimngoja anayefuata. Kuzima kosa kwako ni tofauti na kuliondoa lilipo. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha fundi na mtu aliyekariri amri.

Na wapo watakaosema ni kutia chumvi, kigeu ni kitu kidogo. Wakumbuke Shellshock. Tarehe 24 Septemba 2014 ulimwengu ulitangaziwa kwamba bash ina ufa uliogunduliwa na Stéphane Chazelas. Bash ilikuwa na uwezo wa kupokea fumbuliko la kazi, yaani kipande cha programu, kupitia kigeu cha mazingira. Tatizo likawa kwamba maneno yaliyofuata baada ya kipande kile nayo yalitekelezwa, hapo hapo, sheli inapoamka. Sasa fikiria: seva za tovuti zilizotumia njia ya zamani ya CGI zilikuwa zinachukua maelezo yanayotumwa na kivinjari cha mgeni, mfano jina la kivinjari, na kuyaweka kwenye vigeu vya mazingira. Mgeni asiyejulikana, kutoka popote duniani, akaweza kutuma amri na mashine ikaitekeleza. Ufa ule ulikuwemo tangu 1989, miaka 25. Watu wengi wenye akili kutuliko waliishi nao. Bash iliamini mazingira yake bila kuuliza yametoka kwa nani.

Mimi naliona hilo kama somo la maisha ya chuo pia. Kila mmoja wetu anaingia hapa akiwa na fungu alilokabidhiwa kabla hajaandika mstari wake wa kwanza: shule aliyotoka, Kiingereza alichonacho, laptopu aliyonunuliwa au hakununuliwa. Anapofeli tunasoma mafaili yake tu, hatukuti kosa, tunahitimisha ni mvivu. Hatupandi juu kuangalia alizaliwa na nini. Sisemi kila anayefeli hana kosa. Nasema hujui mpaka umepanda.

Basi napendekeza nini? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana bila bajeti.

La kwanza ni kwa makundi ya miradi. Kabla hamjamwandikia mwenzenu barua, jibuni kwa maandishi swali la msimamizi wetu: ilitokeaje, hatua kwa hatua, na kila hatua iwe na ushahidi. Barua isiyo na maelezo hayo, wawakilishi wa madarasa waikatae. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi iliweke hili kwenye utaratibu wa malalamiko ya kazi za vikundi. Wengi wa tunaowalalamikia wataokoka kwa sababu tu mtu alilazimika kuangalia.

La pili ni kwa kila anayegusa mashine inayotumiwa na wengi, iwe ya maabara au ya geto. Weka kigeu mahali padogo kuliko pote panapotosha. Ukikihitaji kwa amri moja, kiandike mbele ya amri hiyo moja, mfano PGHOST=anwani kisha psql, na kitakufa nayo. Ukikihitaji wewe kila siku, kiweke kwenye .profile yako. Faili la /etc/environment ni la jambo ambalo kweli linamhusu kila mtu, na ukiligusa, waambie watu. Bandika hata karatasi kwenye skrini: nimeweka nini, wapi, lini, kwa nini. Na ukimpa mdogo wako desa la amri, mpe na maana yake. Amri bila maana ni kama dawa isiyo na karatasi ya maelezo. Inaweza kumponya, inaweza kumuua, na wewe utakuwa umeshahitimu.

La tatu ni kwa klabu za kompyuta na walimu wa maabara. Tutengeneze zoezi la saa moja. Mtu mmoja afiche kigeu kimoja kwenye mashine: leo kwenye /etc/profile.d, kesho kwenye .bashrc, keshokutwa kwenye /etc/environment. Wengine wakitafute bila kubahatisha, na kila mmoja aeleze alijuaje. Wenye Mac wajifunze na mafaili ya zsh, .zshenv, .zprofile na .zshrc, maana ndiyo sheli inayokuja na mashine zao tangu 2019. Tuongeze na kazi za cron, ambazo huanza na mazingira machache sana, ndiyo maana skripti inayofanya kazi ukiwa umekaa inagoma ukiwa umelala. Na sudo, ambayo kwa kawaida hupunguza vigeu vyako kabla ya kuendesha amri. Alama zisitolewe kwa anayekipata haraka. Zitolewe kwa anayeeleza njia.

Mtauliza iliishaje. Jumamosi ile ile jioni nilimpigia msimamizi nikamwambia faili ni langu. Jumatatu nilisimama mbele yake na mbele ya kundi nikaifuta barua kwa mdomo wangu, kisha tukaketi kuingiza upya madodoso 240 kutoka kwenye karatasi, kwa zamu, mpaka usiku wa mwisho. Mwenzetu aliingiza mengi kuliko mimi. Tuliwasilisha, tukafaulu, jina lake likiwemo.

Alinisamehe, alisema hivyo mbele ya watu. Lakini kwenye grupu letu la WhatsApp hakuandika tena neno hata moja mpaka tulipolifunga. Hilo sikuweza kulirudisha kutoka kwenye karatasi.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, siku jambo litakapoharibika kwenye kundi lako na vidole vikaanza kumwelekea mtu mmoja, naomba uwe wewe wa kuuliza: programu iliijuaje? Halafu kaa chini uandike printenv, uanze kupanda. Na ujiandae, huko juu unaweza kukuta jina lako.

Naomba kuwasilisha.